Inveta kubwa, betri tupu

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu ukingoni mwa mji wa Bukavu, na bwawa la Ruzizi I, lililojengwa wakati wa Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, haliko mbali na nyumba za mitaa ya Nguba na Muhumba. Linatoa megawati zipatazo 30. Chini yake kuna Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989, ambalo umeme wake, usiofika hata megawati 45, unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi III, la megawati 206, limezungumziwa kwa miaka mingi. Wakati huo huo, mji uliopangiwa umeme huo wakati wakazi wake walikuwa wachache sasa umepita watu milioni moja. Juu ya uhaba huo kuna adha nyingine ambayo kila mkaaji wa mji anaijua: chupa na mifuko ya plastiki inayosombwa na mvua kutoka milimani huingia ziwani, ikasukumwa hadi mdomo wa mto, ikaziba njia ya maji ya turbini, na mtaa ukakaa gizani mpaka wafanyakazi watoe takataka. Ndiyo maana delestaji, yaani kukatwa kwa umeme kwa zamu, imekuwa sehemu ya maisha, na ndiyo maana paneli za jua zinaongezeka juu ya mabati ya mtaa wetu wa Nyalukemba, kwenye nyumba za wenye nacho na kwenye parsele za wapangaji vilevile.

Paneli na betri watu wameshaanza kuzielewa. Kifaa kinachowachanganya ni kile cha katikati, inveta, ambayo mafundi wengi wa huku huita konvertisere: kazi yake ni kuuchukua umeme wa betri wa volti 12, 24 au 48 na kuugeuza uwe umeme wa volti 220 unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kama ule wa SNEL, shirika la umeme la taifa. Dukani, mazungumzo kuhusu kifaa hiki huanza na namba moja na mara nyingi huishia hapo hapo: wati 1,000, wati 3,000, wati 5,000. Mnunuzi anaongeza dola kidogo ili apate namba kubwa zaidi, anarudi nyumbani ameridhika kwamba amejinunulia nguvu. Hoja ya makala hii ni kwamba namba hiyo ndiyo kipimo kinachomfaa mwenye nyumba kidogo kuliko vingine, na kwamba katika mtaa kama Nyalukemba, wenye umeme wa SNEL unaokuja na kutoweka, namba kubwa kupita mahitaji humharibia. Kinachoamua kama nyumba itakuwa na taa hadi asubuhi ni mambo matatu ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye sanduku: inveta yenyewe inakula kiasi gani, inahimili vipi kishindo cha friji inapowaka, na inaelewana vipi na laini ya SNEL.

Tuanze na mahitaji halisi. Chukua familia ya kawaida isiyo na friji. Taa 6 za LED za wati 7 kila moja, zikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 210. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4 inakula 240. Kompyuta ndogo ya wati 50 kwa saa 4 inakula 200. Simu nne zinachukua kama 60, na ruta ya intaneti ya wati 10, inayokaa ikiwaka usiku kucha kwa saa 12, inakula 120. Jumla ni wati-saa 830. Na hata vyote vikiwashwa kwa mpigo mmoja, mzigo unaobebwa na inveta kwa wakati huo hauzidi sana wati 200. Rudia kuisoma namba hiyo, kwa sababu ndiyo msingi wa yote yanayofuata: wati 200. Nyumba hii ingehudumiwa vizuri na inveta ya wati 500 iliyotengenezwa kwa uaminifu, ikabaki na nafasi ya kupumua.

Sasa iweke nyumbani humo inveta ya wati 3,000. Kila inveta inapokuwa imewashwa hula umeme wa betri ili iwe tayari tu, hata kama hakuna taa moja inayowaka. Inveta ndogo nzuri hula chini ya wati 10 kwa hali hiyo. Inveta kubwa za kilovoltampea 3 au 5 zinazouzwa kwa wingi hula kati ya wati 30 na 50. Tuchukue 45. Kwa mtu aliyezoea kufikiria pasi na rishoo, yaani jiko la umeme, wati 45 ni kitu kidogo cha kutotiliwa maanani. Lakini pasi inawaka dakika ishirini. Inveta inawaka mchana na usiku. Wati 45 kwa saa 24 ni wati-saa 1,080 kwa siku, yaani zaidi ya taa, televisheni, kompyuta, simu na ruta za familia ile zikijumlishwa pamoja. Mwenye nyumba anafuga kifaa kinachokula kuliko watoto wote.

Tuangalie maana yake kwenye betri. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200, ambayo ndiyo wengi huanza nayo, inabeba wati-saa 2,400, lakini ili iishi miaka isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo kinachotumika ni 1,200. Familia yetu inahitaji 830 kwa usiku. Ongeza hasara ya kugeuza umeme, kama sehemu moja ya kumi, unafika karibu 920. Kwa inveta ndogo inayokula wati 8, usiku wa saa 12 unaongeza 96, jumla kama 1,020: betri inafika asubuhi ikiwa salama. Kwa inveta kubwa inayokula wati 45, usiku huohuo unaongeza 540, jumla inapita 1,450, na betri imeshavuka mpaka wake kabla jogoo hajawika. Betri ni ileile, matumizi ni yaleyale, taa ni zilezile. Kilichobadilika ni inveta tu, tena ile iliyogharimu zaidi. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, aliyepanga kuamka saa kumi alfajiri asome, anabonyeza swichi na hakuna kitu. Nyumbani watasema betri ni mbovu, na baada ya mwaka mmoja itakuwa mbovu kweli, kwa kuwa imekuwa ikishushwa hadi chini usiku baada ya usiku. Inveta nyingi za bei ya chini hujizima betri ya volti 12 inapofika volti 10.5; betri ya risasi iliyofikia hapo imeshaumia zamani.

Upande wa paneli hesabu ni ngumu vilevile. Bukavu iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni ya baridi na paneli hupenda baridi, lakini msimu wa mvua unaendelea kuanzia Septemba hadi Mei, na mawingu hufunika jua saa nyingi za mchana. Ukihesabu saa 4 na nusu za jua kamili kwa siku na kutoa hasara za kawaida, paneli ya wati 200 inakuletea kama wati-saa 630. Maana yake ni kwamba paneli mbili karibu nzima zinafanya kazi ya kuilisha inveta kubwa isiyofanya kazi yoyote. Mtu aliyebana matumizi miezi kadhaa ili anunue paneli mbili anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa pesa.

Yapo majibu ambayo watu hutoa, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba inveta inaweza kuzimwa. Kweli, na anayezima kila anapolala anaokoa umeme mwingi. Lakini nyumba yenye ruta inayohitajika usiku, au friji, haiwezi kuzima. Inveta nyingine zina hali ya usingizi: zinalala, zinachungulia kila baada ya sekunde chache kama kuna mzigo, zikikuta zinaamka. Hali hiyo ni nzuri kwa nyumba inayowasha taa moja moja, ila ruta ya wati 10 au simu moja iliyosahauliwa kwenye chaja inatosha kuifanya inveta isilale kabisa, au ilale na kuamka bila mpango mpaka ruta izimike.

Jibu la pili ndilo linalosikika zaidi: ninunue kubwa leo ili kesho nikiongeza vitu nisirudi dukani. Ni fikra ya mtu mwenye mipango, na siidharau. Lakini inachanganya vitu viwili. Nafasi ya kukua inatoka kwenye volti za betri kuliko kwenye wati za inveta. Umeme unaopita kwenye waya wa betri ni wati ukigawanya kwa volti. Wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 ni ampea 83 kabla hujahesabu hasara, na hapo tayari unahitaji waya mnene na viungo vilivyokazwa kweli kweli. Kwenye volti 24 ni nusu yake. Anayejua kwamba miaka miwili ijayo ataongeza friji na aanze leo na volti 24, betri mbili zilizoungana, na inveta ya wati 800 au 1,000 inayokula kidogo. Betri alizoweka zitabaki zikimtumikia hata akibadilisha inveta. Aliyenunua inveta ya wati 3,000 ya volti 12 amejifungia mlango huohuo aliotaka kuuacha wazi, kwa sababu siku wati hizo 3,000 zitakapodaiwa kwa ukamilifu zitadai ampea 250, na hakuna betri moja ya nyumbani inayotoa hizo kwa raha.

Jibu la tatu linatoka jikoni, na hili linanigusa zaidi. Makala, yaani mkaa wa kupikia, ni ghali, na sehemu ya makala yanayoingia Bukavu yanatoka kwenye misitu ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoundwa mwaka 1970, ikaingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mama anayetaka inveta ya wati 3,000 ili apike kwa rishoo ya umeme ana sababu nzuri kwa mfuko wake, kwa mapafu yake na kwa msitu. Ila rishoo ya wati 1,500 ikichemsha maharage kwa saa 2 imekula wati-saa 3,000, zaidi ya mara mbili ya kile betri yetu inaweza kutoa usiku mzima. Kupika kwa betri kunawezekana, lakini kwa mfumo wa bei ya juu sana: betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, inayobeba wati-saa 5,120, na paneli za kuijaza siku hiyohiyo. Kwa nyumba nyingi za Nyalukemba, njia ya busara ni kupikia umeme wa SNEL moja kwa moja unapokuwepo, kutumia sufuria ya presha na chombo cha kutunza moto wa chakula, na kuiachia betri taa, simu na friji. Pasi nayo isubiri SNEL. Inveta isinunuliwe kwa ajili ya nusu saa ya pasi kwa wiki.

Friji ni jambo jingine, kwa sababu inataka kuwaka yenyewe saa yoyote. Friji ya kawaida ikiwa inazunguka hula wati 80 hadi 120, lakini kompresa yake inapoanza, kwa kipande cha sekunde, huvuta mara kadhaa ya hapo. Hapa ndipo inveta ya wati 500 hulia na kujizima hata kama hesabu ya kawaida inaonyesha inatosha. Kwa nyumba yenye friji moja, wati 1,000 hadi 1,500 za kweli, zenye uwezo wa kuhimili mara mbili yake kwa sekunde chache, zinatosha. Na ziwe za wimbi safi. Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini kama la SNEL; hutoa wimbi la ngazi, linaloruka juu na chini kwa hatua kali. Taa na chaja nyingi zitavumilia. Kompresa ya friji, feni na pampu hazivumilii vizuri: zinavuma, zinapata joto, zinakula umeme zaidi kwa kazi ileile, na umri wao unapungua. Kuokoa dola chache kwenye inveta ili uue friji ya dola mia kadhaa ni biashara mbaya. Aliye bado hajanunua friji atafute yenye kompresa inayoanza polepole, inayobadilisha kasi yake. Hiyo haina kishindo kikubwa, na inaweza kumruhusu kununua inveta ndogo zaidi.

Kuna pia suala la uongo wa namba. Wati zinazoandikwa mbele ya sanduku mara nyingi ni za kishindo, zile ambazo kifaa kinaweza kuzitoa kwa sekunde moja, na mara nyingine hata hizo hazipo. Mnunuzi hahitaji maabara kugundua. Aangalie nyaya zilizokuja na inveta. Ikiwa sanduku linasema wati 3,000 kwa volti 12 na nyaya zake ni nyembamba kama za kuwashia gari dogo, sanduku linasema uongo, kwa kuwa ampea 250 zingeziyeyusha nyaya hizo. Kisha aombe kuona fyuzi, ambazo kwa nyingi ziko nyuma au ndani ya kifuniko. Zikiwa nne za ampea 35, jumla ni ampea 140; zidisha kwa 12, unapata wati 1,680. Hata mtengenezaji mwenyewe hajaamini wati 3,000 alizoandika. Uzito nao unasema jambo: inveta yenye transfoma kubwa ya shaba na chuma ni nzito, inahimili vishindo vya kompresa vizuri, na fundi wa mjini anaweza kuifungua na kubadilisha transista zilizoungua. Nyepesi zisizo na transfoma hiyo si lazima ziwe mbaya, baadhi ni bora sana na hula kidogo, lakini zikiungua mara nyingi huungua na kadi nzima, na kadi haipatikani kirahisi.

Tufike sasa kwenye laini ya SNEL, maana hapo ndipo Nyalukemba inatofautiana na kijiji kisicho na nguzo ya umeme. Inveta zinazopendwa zaidi siku hizi ni zile za mseto: ndani ya kasha moja kuna inveta, chaja ya kutoka SNEL, kidhibiti cha paneli, na swichi inayohama yenyewe SNEL inapokatika. Kwa mji wa delestaji, wazo hilo ni zuri, na nakubali kwamba nyumba yenye laini ya SNEL inapata faida ya kweli: baada ya siku tatu za mawingu, saa chache za SNEL zinairudishia betri nguvu. Lakini kifaa hicho kinahitaji kupangwa na mtu anayejua mtaa. Nyingi zina machaguo mawili ya volti zinazokubaliwa kutoka SNEL, yanayoonekana kwenye kioo kwa herufi APL na UPS. Kwenye APL inakubali kuanzia volti 90 hadi 280; kwenye UPS kuanzia 170 hadi 280. Tofauti hii mafundi wengi hawaielezi. Jioni mtaa mzima unapowasha kila kitu, volti zinashuka. Ukiwa umeweka APL, inveta itaendelea kupitisha volti 140 au 150 hadi kwenye friji yako, na kompresa itajaribu kuanza, itashindwa, itapata joto. Ukiweka UPS, SNEL ikishuka chini ya 170 inveta itahamia betri, friji itakuwa salama, ila betri inaweza kufanya kazi jioni nzima wakati jirani anaamini kwamba umeme upo. Mwenye friji achague UPS na akubali kuongeza betri. Asiye na friji, mwenye taa na chaja tu, anaweza kubaki kwenye APL. Hakuna jibu moja la wote, na fundi anayeondoka bila kuuliza una vitu gani nyumbani hajamaliza kazi.

Jambo jingine la vifaa hivi ni volti za paneli. Aina za zamani zilitaka paneli chache, volti 60 hadi 115 hivi. Aina nyingi mpya hazianzi kuchaji mpaka paneli zilizoungana kwa mstari zifike volti 120. Paneli kubwa ya wati 550 hufanya kazi kwa volti kama 41. Mbili ni 82. Mtu ananunua inveta ya kisasa na paneli mbili nzuri, fundi anafunga kila kitu sawasawa, jua linawaka, na kioo kinaonyesha sifuri. Hakuna kilichoharibika, anahitaji paneli tatu au nne, au inveta nyingine. Karatasi iliyo ndani ya sanduku ingemwambia hivyo kwa mstari mmoja, na muuzaji anayejiheshimu angeusoma mstari huo pamoja naye.

Zipo pia inveta zinazoletwa kutoka Ulaya zikiwa zimetumika, za majina makubwa, za bei ya kuvutia, zilizotengenezwa kuuza umeme wa paa kwenye laini ya taifa. Hizo hazifai hapa. Kwa sheria za usalama za huko, laini ikikatika zinajizima papo hapo ili zisimuue fundi anayetengeneza nyaya. SNEL ikiondoka na inveta inaondoka nayo, jua likiwa katikati ya mbingu. Na kwa anayenunua inveta ya kawaida isiyo ya mseto, hatari ni kinyume chake: kuiingiza kwenye nyaya za nyumba bila swichi inayotenganisha kabisa SNEL na betri. Siku SNEL inarudi, nguvu mbili zinakutana, na inveta inaungua kwa sekunde. Kabla haijaungua, umeme wake unaweza kuwa umepanda hadi nguzo ya barabarani na kumkuta mfanyakazi aliyeamini kwamba laini imekufa. Swichi hiyo ya kuchagua upande mmoja au mwingine ni ya bei ndogo, na nyumba isiyo nayo isiwashwe.

Radi nayo haiwezi kusahauliwa. Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipanga mahali penye radi nyingi zaidi duniani. Baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, nafasi ya pili ilitolewa kwa sehemu ya mashariki ya Kongo iliyoandikwa kwa jina la Kabare, yenye radi zipatazo 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na mji wa Sake umo pia katika sehemu za juu. Tunaishi chini ya mbingu hiyo. Radi si lazima ipige paa lako; ikipiga laini ya SNEL umbali fulani, mawimbi yake yanafika kwenye kadi ya inveta kwa njia ya waya. Kwa hiyo bajeti ya inveta lazima iwe na parafudre, yaani kinga ya radi, upande wa SNEL na upande wa paneli, na chuma cha ardhini kilichozamishwa kwenye udongo wenye unyevu, kilichounganishwa kwa waya wa kweli. Mwenye nyumba aongeze kifaa kidogo cha kuchelewesha, kinachosubiri dakika chache baada ya SNEL kurudi na kupima volti kabla ya kuipitisha, kwa sababu dakika za kwanza baada ya delestaji ndizo zenye volti za kuruka. Vitu hivi vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya inveta nzuri. Aliyeokoa pesa kwa kununua inveta ya wati 1,000 badala ya 3,000 anazipata hapo hapo.

Bado atakuwepo anayesema: sina uwezo, nitanunua ya bei ya chini, ikifa nitanunua nyingine. Katika mji ambao mabenki yalifunga milango mwanzoni mwa 2025 na watu wananunua kwa dola walizo nazo mkononi, si mkopo, sauti hiyo inaeleweka na sitaki kuipuuza. Lakini mtu mwenye pesa kidogo ndiye anayeumizwa zaidi na inveta kubwa ya bei ndogo. Itamla umeme kila usiku, itamzeesha betri, na betri ni kitu cha gharama kubwa kwenye mfumo wake. Kwake yeye, inveta ya wati 300 ya wimbi safi, kwa ajili ya taa na televisheni, ni chaguo bora kuliko kasha la wati 2,000 lenye wimbi la ngazi, hata bei zikiwa sawa. Na kama anaweza, taa zote azifunge moja kwa moja kwenye volti 12 za betri kwa kutumia balbu za aina hiyo, bila kupita kwenye inveta. Hapo inveta inawashwa kwa televisheni na kompyuta tu, kisha inazimwa, na giza haliwi suala la inveta tena.

Katika parsele ambamo wapangaji wanne au watano wanachangia mfumo mmoja, inveta kubwa inaweza kuwa sahihi kabisa, kwa sababu ulaji wake unagawanywa kwa nyumba nyingi na daima kuna kitu kinachowaka. Huko swali ni nani analipa na nani anazuia rishoo, na kila nyumba ipewe fyuzi yake ndogo ya ampea 1 au 2, ili anayechomeka pasi ajikate mwenyewe bila kuwazimia wenzake.

Kwa wengine wote, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aunganishe inveta kwenye betri, aiwashe bila kuchomeka kitu, na abane waya wa betri kwa mita ya kupima ampea za umeme wa betri. Mafundi wengi wa sola wanayo, na kama dukani haipo, njoo na fundi wako. Kwenye betri ya volti 12, ampea 1 ni wati 12. Ikisoma chini ya ampea 1, chukua. Ikisoma karibu 4, ujue kwamba hiyo itakudai kila saa, mchana na usiku, kwa muda wote utakaokuwa nayo. Kisha chomeka friji ndogo au kifaa chochote chenye mota, sikiliza kama kinaanza bila kuvuma, na uangalie kama taa iliyo pembeni inafifia. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo la dakika tano, nenda duka la jirani yake.